Matembezi ya Hisani: Tutembee, Kisha Tumtembelee Mgonjwa

 

Ndugu msomaji, katika miji yetu ya Mkoa wa Pwani imeingia ada ambayo wazee wetu hawakuijua. Asubuhi ya Jumamosi au Jumapili, jua likiwa halijapanda, hupita kundi la watu waliovaa fulana za rangi moja, wake kwa waume, wazee na vijana, wengine wakitembea na wengine wakikimbia, mbele yao gari lenye vipaza sauti na nyuma yao gari la wagonjwa. Ukiuliza, utajibiwa kuwa hayo ni matembezi ya hisani. Kila mshiriki amelipa kiingilio au amechangiwa na jamaa zake, na kinachopatikana huelekezwa kwa wenye shida fulani: watoto wenye maradhi ya moyo, akina mama wenye fistula, au wagonjwa wa saratani.

Sisi Waislamu wa Kibaha na Kisarawe tumegawanyika katika jambo hili. Wapo wanaoshiriki kwa furaha, wakapiga picha, wakarudi nyumbani na fulana mpya. Wapo wanaoona kuwa hayo ni mambo ya kuiga, na kwamba atakaye kutoa sadaka aitoe kimya kimya bila ya kujikusanya barabarani. Na wapo wengi zaidi, nasi wenyewe tulikuwa miongoni mwao, ambao hawasemi chochote: wanalipisha kundi lipite, kisha wanaendelea na safari zao. Katika makala hii tunakusudia kusema neno kwa makundi yote matatu, na tutaanza kwa kujisema wenyewe.

Nauli ndiyo iliyomshinda

Miaka michache iliyopita mama wa mmoja wa wanafunzi wetu wa madrasa, mkazi wa kijiji kimoja ng'ambo ya Maneromango wilayani Kisarawe, aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Akapewa rufaa kwenda Dar es Salaam, na huko akapangiwa tiba ya mionzi. Tulipopata habari tulifanya tuliyoyazoea. Tulikwenda kumjulia hali pamoja na akina mama wa madrasa, tukamuombea dua, tukamuusia kusubiri, tukamwachia bahasha yenye shilingi 30,000, tukarudi majumbani tukiwa na utulivu wa mtu aliyekwisha kutekeleza wajibu wake.

Mama yule hakuwa na ndugu Dar es Salaam. Alikuwa na dada yake Kibaha, na kwa huyo ndiko alikofikia. Ikawa kila siku ya kazi, mara baada ya swala ya alfajiri, anatoka Maili Moja kwa basi hadi Kimara, anashuka na kupanda mwendokasi hadi Kivukoni, kisha anakwenda kwa miguu akiifuata pwani mpaka hospitali, mkono wake umeshikwa na binti yake mkubwa. Kurudi ni kwa njia hiyohiyo. Anayezijua athari za mionzi ya tumbo la chini anajua maana ya safari ya namna hiyo: uchovu, kichefuchefu, na kuharisha kunakomjia mtu akiwa amesimama ndani ya basi lililojaa. Wiki ya kwanza alikwenda siku zote tano. Wiki ya pili alikwenda siku zote tano. Wiki ya tatu alikwenda siku mbili, kisha akarudi kijijini kwake.

Sisi tulidhani kuwa amemaliza. Tulikwenda kumpongeza, na hapo ndipo tulipouliza kwa mara ya kwanza. Akatujibu kwa upole, bila ya kumlaumu yeyote: "Ustaadh, tiba walinipa. Wala hawakunifukuza. Nauli ndiyo iliyonishinda." Aliporejeshwa hospitali miezi ilikuwa imepita, na ugonjwa umekwisha kutapakaa. Allah (S.W.) amrehemu. Mwanawe yumo darasani kwetu hadi leo, na kila anaposimama kusoma tunaikumbuka ile bahasha.

Hatusemi kwamba shilingi 30,000 ni kitu cha kudharauliwa, wala hatusemi kwamba dua haina nafasi. Kosa letu halikuwa uchache wa tulichotoa. Kosa letu ni kuwa tulitoa bila ya kuuliza. Hapana hata mmoja wetu aliyemwambia: Mama, utalala wapi? Utasafiri vipi? Nani atakusindikiza? Ni siku ngapi? Tulimtembelea mgonjwa, lakini hatukuujua ugonjwa wake unavyokwenda.

Hesabu yenyewe

Neno saratani ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, mnyama wa pwani. Matabibu wa kale, Wayunani kwanza kisha Waarabu, waliuita ugonjwa huu kwa jina hilo kwa sababu waliona mishipa iliyovimba pembeni mwa uvimbe ikitapakaa mfano wa miguu ya kaa. Leo ugonjwa huo si jambo la kusikia kwa mbali. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya mwaka 2020, Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na vifo zaidi ya 26,000. Katika wagonjwa hao wapya, zaidi ya 10,000 ni wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi peke yake.

Sasa tufanye hesabu ambayo hata mwanafunzi wetu wa darasa la tatu anaiweza. Tiba ya mionzi kwa saratani hiyo, kwa utaratibu uliozoeleka, hutolewa mara 25, yaani Jumatatu hadi Ijumaa kwa muda wa wiki 5, kisha hufuatiwa na mionzi ya ndani. Siku 25 ni safari 50, kwenda na kurudi. Mgonjwa hawezi kwenda peke yake, hivyo mweke na msindikizaji mmoja: zinakuwa nauli 100. Na ikiwa kila safari inahitaji magari mawili, kama ilivyo kwa mtu wa Maili Moja au wa Kisarawe mjini, zinakuwa nauli 200. Hapo hatujataja chakula. Hatujataja vipimo. Hatujataja shamba lililolala bila ya kupaliliwa, wala watoto walioachwa kwa jirani.

Wataalamu wanatwambia kwamba mionzi haifanani na dawa ambayo mtu aliyekosa leo atameza mbili kesho. Tiba hii ina nguvu pale inapokwenda mfululizo, na ikikatika na kurefuka, seli za ugonjwa hupata nafasi ya kujijenga upya na matumaini ya kupona hupungua. Kwa hiyo nauli ni sehemu ya tiba. Mtu akipewa mionzi 12 kati ya 25 kwa kukosa nauli ya 13, hatuwezi kusema kwamba ametibiwa nusu. Huenda ameteseka bure.

Wanaoufanyia kazi ugonjwa huu kwa muda mrefu wameshalielewa hilo. Taasisi ya Tumaini la Maisha, inayohudumia watoto wenye saratani pamoja na Hospitali ya Taifa Muhimbili, haikuishia kwenye dawa. Imeshughulikia malazi ya mtoto na mzazi wake wanaotoka mikoani, chakula chao, safari zao, na hata masomo ya watoto wakiwa wodini. Waliofanya hivyo walijua kuwa mzazi aliyetoka mbali, asipopata pa kulala, atambeba mwanawe na kurudi naye kabla ya wakati, si kwa kutompenda, bali kwa kukosa njia.

Waliotutangulia walilijua hili

Ndugu msomaji, fikra ya kuwa tiba bila ya nauli haitimii si ngeni katika historia yetu. Mwaka 683 Hijria, sawa na 1284, Sultani Qalawun alianzisha hospitali mjini Cairo na kuiwekea waqfu wa mali ambazo mapato yake yaliiendesha. Ililazimu ipokee wanaume na wanawake, tajiri na fukara, mwenyeji na mgeni, wala isimwekee mgonjwa kikomo cha siku za kukaa. Na imesimuliwa katika habari zake kwamba mgonjwa aliyepona alipotoka alipewa nguo na fedha, ili asilazimike kurudi kwenye kazi ngumu siku ileile. Waliuona ugonjwa kuanzia mlango wa kuingilia mpaka nyumbani kwa mgonjwa.

Hatuna haja ya kwenda Misri peke yake. Hapa mkoani kwetu, Bagamoyo, aliishi mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyeitwa Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897. Alitoa mali yake kwa ajili ya shule Bagamoyo na kwa ajili ya hospitali, ikiwemo ile ya Dar es Salaam iliyotibu Waafrika na Waasia. Katika miaka hiyohiyo serikali ya Wajerumani ilikuwa ikijenga hospitali nyingine ufukweni, kwa ajili ya Wazungu. Majengo hayo ya ufukweni ndiyo leo Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyowekwa kisheria kuwa taasisi inayojitegemea mwaka 1996, na ndipo wanapokwenda wagonjwa wetu kutoka kila pembe ya nchi. Kazi ya hospitali ya Sewa Haji ilihamia Muhimbili, na jina lake lingali likitajwa huko kila siku na watu wanaokwenda kuwatazama jamaa zao wodini.

Tujiulize: kwa nini jina la mtu huyu limebaki kwa zaidi ya miaka 120? Matajiri wa Bagamoyo wa zama zake walikuwa wengi, na baadhi yao walifanya karamu zilizosifiwa. Karamu zimesahauliwa. Kilichobaki ni kile kilichowekwa mahali pamoja, kikaendelea kuwahudumia watu baada ya mwenyewe kuondoka. Hiyo ndiyo maana ya sadaka jariya, na hicho ndicho kipimo ambacho tungependa matembezi ya hisani yapimwe nacho.

Je, kutembea ni kuiga?

Ama kwa ndugu zetu wanaosema kuwa matembezi haya ni kuiga wengine, tunawaomba watupe sikio. Hapana shaka kuwa chanzo chake hakiko kwetu. Katika matembezi yanayohusiana na saratani, mfano unaotajwa zaidi ni wa kijana wa Canada, Terry Fox. Mwaka 1977 alikatwa mguu wa kulia kwa sababu ya saratani ya mfupa. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kuivuka nchi yake, mguu mmoja wa asili na mmoja wa bandia, akichangisha fedha za utafiti. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka tarehe 1 Septemba alipolazimika kusimama kwa kuwa saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, akiwa na umri wa miaka 22. Mbio kwa jina lake zikaanza mwaka huohuo, na zimeenea katika nchi nyingi.

Linalotupendeza katika habari ya kijana huyo ni ombi lake. Hakutafuta tajiri mmoja wa kutoa yote. Aliomba dola moja kwa kila mkazi wa nchi yake, na kabla hajafariki lengo hilo lilikuwa limetimia. Je, fikra ya kwamba kidogo cha wengi hubeba mzigo mkubwa ni fikra ngeni kwa Muislamu? Je, si sisi tunaofundisha kwamba hata nusu ya tende ina uzito mbele ya Allah (S.W.)?

Kutembea kwenyewe si ibada iliyozushwa, na hakuna anayedai kuwa ni ibada. Ni wasila, na wasila hupewa hukumu ya kile unachokifikia. Mtume (S.A.W.) amepokewa kuwa alishindana mbio na mama wa waumini Bibi Aisha (R.A.), na hakuna aliyeliona hilo kuwa ni upuuzi. Yanayokatazwa yanajulikana, na yakiwemo katika matembezi yataondolewa yenyewe bila ya kuondoa matembezi: wanawake wapangiwe kundi lao na wakati wao, muziki uachwe, mwendo usipishane na nyakati za swala. Mwenye nyumba inayovuja huziba tundu, habomoi nyumba.

Na Kisarawe imeshajionea manufaa ya kuchangishana hadharani. Mwaka 2019 Mkuu wa Wilaya wa wakati huo, Bi Jokate Mwegelo, alianzisha kampeni ya Tokomeza Zero ya kuinua elimu, watu wa ndani na nje ya wilaya wakahamasishwa kuchangia, na miongoni mwa matunda yake ni shule ya sekondari ya wasichana. Waliochangia wanaweza kuoneshwa jengo. Swali la kujiuliza ni hili: katika jambo la saratani, sisi tutaoneshwa nini?

Masharti matatu

Hapa tunawageukia ndugu zetu wa kundi la kwanza, wale wanaoshiriki. Tunawapongeza, na tunawaomba wayazingatie mambo matatu.

La kwanza ni amana. Fedha iliyochangishwa kwa jina la mgonjwa ni haki ya mgonjwa. Inasikitisha kuona shughuli ambayo sehemu kubwa ya mapato yake imeishia kwenye fulana, mabango, vipaza sauti na chakula cha wageni waalikwa. Kila kundi linalochangisha lisome hesabu yake hadharani: kilichoingia, kilichotumika katika maandalizi, na kilichomfikia mgonjwa. Kama fulana imekula zaidi ya nauli, basi mwaka unaofuata tutembee na kanzu zetu na mabaibui yetu.

La pili ni usafi wa chanzo. Tumesikia watu wakijitetea kwamba fedha ya kampuni ya pombe au ya sigara ikienda kwa mgonjwa inakuwa imefanya kheri. Tukiacha hukumu ya sheria, ambayo iko wazi, tuangalie hata akili ya kawaida. Tumbaku inajulikana na kila daktari kuwa ni kisababishi kikubwa cha saratani, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka pombe katika orodha ya visababishi vya ugonjwa huu tangu mwaka 1988. Vipi tutaomba mafuta ya kuzimia moto kwa yule anayeuza viberiti?

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni kuendelea. Saratani haiji siku ya matembezi na kuondoka jioni yake. Mama wa Maneromango hakuhitaji watu 500 wa siku moja. Alihitaji watu wachache wa siku 25. Kundi linalotembea mara moja kwa mwaka na kukabidhi hundi kubwa ya karatasi mbele ya wapiga picha, kisha likalala mpaka mwaka mwingine, limefanya wema, lakini limeacha siku 364 bila ya mwenyewe.

Nje si kwa wazima peke yao

Kuna jambo jingine ambalo aghalabu husahauliwa. Katika matembezi mengi, mgonjwa hutajwa lakini haonekani. Wazima wanatembea kwa niaba yake, naye amelala chumbani, dirisha limefungwa, na majirani wananong'ona. Wapo katika jamii yetu wanaodhani kwamba saratani huambukiza kwa kushikana mikono au kula sahani moja. Mgonjwa akawekewa kikombe chake, akaacha kualikwa kwenye walima, akawa amekufa machoni mwa watu kabla ya ajali yake.

Wataalamu wa tiba wamekwisha kuibadili rai ya zamani ya kumtaka mgonjwa wa saratani alale tu. Mwaka 2010 Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mazoezi ya mwili ni salama kwa wagonjwa wa saratani walio wakati wa matibabu na baada yake, na kwamba waepuke kukaa bila ya harakati. Mwongozo uliofuata, wa mwaka 2019, ukaeleza kuwa mazoezi hayo hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni. Bila shaka kila mgonjwa ana kiasi chake, na daktari wake ndiye wa kuulizwa. Lakini mwendo wa taratibu wa nusu saa, kivulini, pamoja na wenzake, si jambo kubwa.

Na kivuli tunacho. Allah (S.W.) ameijaalia Kisarawe misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambako watu wa Dar es Salaam huja kwa magari kutafuta hewa. Kwa nini kikundi cha wilaya hiyo kisiwachukue wagonjwa walio na nguvu, na waliokwisha kupona, mara moja kwa mwezi, wakatembea hatua wanazoziweza, wakakaa chini ya mti, wakazungumza na wenzao waliopita njia hiyohiyo? Mwanamke aliyemaliza matibabu miaka mitano iliyopita, akikaa karibu na yule aliyeanza jana, atampa kitu ambacho sisi wenye vitabu hatunacho.

Kabla ya nauli

Hatutakuwa tumeitendea haki mada hii tukikaa kimya juu ya kinga. Wagonjwa wengi wa nchi yetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Saratani ya mlango wa kizazi huanza kwa mabadiliko ambayo huchukua miaka kabla ya kuwa ugonjwa, na mhudumu wa afya aliyefunzwa anaweza kuyaona kwa kupaka siki na kutazama, kisha yakatibiwa mapema. Chanjo ya kirusi kinachosababisha saratani hiyo ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018. Tunajua kwamba wapo miongoni mwetu waliowazuia mabinti zao kwa uvumi kuwa chanjo hiyo inaondoa uzazi. Walimu wa madrasa tunasikilizwa na wazazi. Tukinyamaza mbele ya uvumi usio na dalili, tutaulizwa. Na wanaume wanaowakatalia wake zao ruhusa ya kwenda kupimwa wajue kuwa haya tunayoyahifadhi si sababu ya kumuacha mtu aangamie. Watafute mhudumu wa kike, nao wapo.

Rai yetu

Tunapendekeza kwa Waislamu wa Kibaha na Kisarawe jambo dogo linaloweza kuanza mwezi huu. Kila msikiti wa Ijumaa uteue watu wasiozidi watano, wake kwa waume, watakaoshika Fungu la Nauli. Watu hao wasiwatafute wagonjwa kwa kubahatisha. Waende kwa maafisa wa ustawi wa jamii wa Hospitali ya Tumbi na wa Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, wajitambulishe, na wapokee wale ambao wenyewe wameridhia kusaidiwa. Siri ya mgonjwa ihifadhiwe. Wala asiulizwe dini yake, kwani Sewa Haji hakubagua.

Kisha kila muumini aombwe nauli moja. Si milioni, wala si laki. Nauli moja ya kutoka kwake hadi hospitali. Watu 200 wakitoa nauli moja moja, mgonjwa mmoja na msindikizaji wake wamekwenda na kurudi siku zote 25. Anayetaka kukusanya nauli hizo kwa matembezi ya kutoka Kisarawe mjini hadi Pugu, na akusanye, na sisi tutakuwa nyuma yake tukitembea. Na kamati zetu za zaka zilitazame jambo hili kwa macho ya fiqhi. Kwa rai yetu, fukara aliyetoka kijijini kwake kutafuta tiba, akakatikiwa njiani asiweze kwenda wala kurudi, hayuko mbali na fungu la mafakiri wala na fungu la msafiri aliyeishiwa.

Mwanafunzi wetu anayeanza sarufi ya Kiswahili anajua kwamba kutembea na kutembelea ni kitenzi kimoja. Cha kwanza kinatosha kuwa na miguu. Cha pili hakitimii mpaka awepo mtu unayemwendea. Basi tutembee, ndugu zangu, lakini mwendo wetu uishie kwenye mlango wa mtu, na tukifika tusikimbilie kuitoa bahasha. Tuulize kwanza: ni siku ngapi, na nani atakwenda nawe kesho?

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atusamehe pale tulipochelewa kuuliza.

Wabillahit tawfiq.